Wazazi Wangu Hugombana Kama Watu Waliooana

Kwa Afisa Mhusika,
Kitengo cha Wenza, Idara ya Uhamiaji,
Ghorofa ya nne, mlango ulioandikwa "Usigonge".

Ndugu Afisa,

YAH: NDOA YA BABA YANGU NA MAMA YANGU KUTILIWA SHAKA

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwenza wako kama unaye, na kama unaye natumaini ushahidi wake umeuweka mahali pakavu.

Mimi ni mtoto wa mwombaji. Sio mtu wa kusema sana. Siku tuliyokuja dirishani kwenu uliniuliza jina nikakuonyesha kitambulisho, ukamuuliza Baba kama nina tatizo la kusikia. Baba akasema, "Huyu? Subiri ashike kalamu." Basi nimeshika.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua yenu ilisema tunaweza kujibu kwa lugha yoyote na Idara itatafuta mtafsiri. Nashukuru sana. Tangu mimi na Baba tuhamie huku, mtafsiri wa nyumba ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyesoma kwa lugha mbili. Nimetafsiri mkataba wa pango, maelezo ya dawa ya kikohozi, na malalamiko ya mama wa ghorofa ya chini kuhusu viatu vya Baba. Safari hii naomba zamu iwe yenu.

Baba yangu ni fundi wa lifti. Mama yangu ni fundi cherehani, anashona sare za shule, na bado yuko kule tulikotoka akisubiri viza ya kuja kuishi na sisi. Barua yenu inasema Idara "haijaridhika kwamba ndoa hii ni ya kweli na endelevu". Nilipomfafanulia Baba neno endelevu alicheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza, "Kwa hiyo Mama yako haji?" Nikamwambia tumepewa nafasi moja ya kujieleza, na tusipoeleweka faili linafungwa, tunarudi mwisho wa foleni. Foleni hiyo, Ndugu Afisa, niliiingia nikiwa namfika Mama begani. Sasa nadhani nimempita, ila hatujasimama pamoja tukapimana.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba kulalamika kama ifuatavyo.

1. Kuhusu meseji. Mmeandika kwamba mawasiliano ya wanandoa hawa ni "mafupi, ya kikazi, na hayaonyeshi mapenzi". Aliyewatafsiria meseji hizo ni mimi, kwa hiyo maneno hayo nimeyapokea kama alama za mtihani. Naomba mzisome upya. Chukua hii ya mwezi uliopita. Mama: "Umekula?" Baba: "Nimekula." Mama: "Nini?" Baba: "Chakula." Mama: "Nimemuuliza mtu mzima, nani kampa mtoto simu?" Baba: "Wali." Mama: "Na nini?" Baba: "Niko shimoni." Shimo ni lile la chini kabisa ya lifti, ambako Baba hushuka kukagua na mtandao haushiki. Mama anajua. Anajua pia kwamba Baba hukimbilia huko akiulizwa mboga.

Halafu kuna suala la mfuniko. Wakati tunahama, Baba alibeba mfuniko wa sufuria kubwa na kuiacha sufuria. Anasema ulishatangulia kwenye begi. Mama anasema mtu hawezi kufunga begi bila kuona mfuniko. Mjadala huu umejaza kurasa nyingi za kiambatisho cha pili, na mmeuwekea alama ya kuuliza pembeni kwa kalamu nyekundu. Nauliza kwa heshima: ni nani duniani anayegombana kwa miaka, nchi hadi nchi, kuhusu mfuniko, na mtu asiyemhusu? Watu wa ndoa ya karatasi wangenunua mfuniko mwingine.

2. Kuhusu picha. Mmesema wanandoa hawaonekani pamoja katika picha yoyote isipokuwa ya harusi, na katika hiyo bibi harusi amenuna. Ni kweli amenuna. Mpiga picha alikuwa amekanyaga shela aliyoishona kwa mkono wake. Kuhusu hizo nyingine, katika familia yetu hatujawahi kumpa mtu baki simu atupige picha, Mama hamwamini mtu na simu. Kwa hiyo Baba akionekana, mpigaji ni Mama, na Mama akionekana, mpigaji ni Baba. Lakini hakuna aliyekosekana. Tazama vizuri picha ya Baba amekaa kwenye ndoo: kile kitu cha rangi ya kahawia kinachoziba kona ni kidole gumba cha Mama. Kipo karibu katika picha zote. Idara ilimchukua Mama alama za vidole. Naomba mlinganishe.

3. Kuhusu mahojiano. Mliwahoji kila mtu peke yake, Baba hapa na Mama kule, mkakuta majibu yanapingana. Mliuliza nani hulala upande wa ukutani. Baba akasema ni yeye, Mama akasema ni yeye. Hapo hakuna aliyedanganya, huo ndio ugomvi wenyewe. Mliuliza mwombaji anapenda chakula gani, Mama akajibu, "Anachopewa." Hilo nalo ni kweli.

Mliuliza walikutana wapi. Baba alisema ni ndani ya lifti. Mama alisema ni kwenye ngazi. Mkapigia mstari. Ilikuwa hivi: Mama alikwenda kununua vitambaa kwenye jengo la maduka ya jumla, lifti ikakwama katikati ya ghorofa mbili, akaitwa fundi. Fundi ndiye Baba. Baba anasema alipofungua mlango alimkuta dada mmoja analia. Mama anasema hakuwa analia, alikuwa anamtukana aliyeitengeneza lifti mara ya mwisho, na kwa bahati mbaya huyo huyo ndiye aliyempa mkono. Akatoka, akasusa lifti, akashuka kwa ngazi. Baba akamfuata na sanduku la vifaa kuomba radhi hadi chini. Kwa Baba, kukutana ni pale aliponyoosha mkono. Kwa Mama, ni pale alipogeuka nyuma akaona bado anafuatwa. Sasa ninyi mnataka nani abadilishe?

Tunaye jirani ghorofa ya juu tunayemwita Bwana Harusi. Yeye na mkewe mliwahoji wakajibu sawasawa, neno kwa neno, kama watoto wa darasa la kwanza wanaomsalimia mwalimu mkuu. Mkawapongeza. Sitaki kumsema mtu. Nasema tu kwamba friji lao lina mstari wa kalamu katikati, na Baba aliitwa juzi kufunga kufuli kwenye mlango wa chumba cha pili.

4. Kuhusu kuishi pamoja. Mmesema hakuna ushahidi kwamba mama huyu anashiriki maisha ya kila siku ya nyumba hii. Sare yangu ya shule inashonwa na yeye na kutumwa. Mwaka huu mikono ilinifika kwenye viwiko, maana alishona kwa vipimo alivyovikumbuka. Akamwagiza Baba anipime upya. Baba akanipima kwa futi yake ya chuma ya kupimia milango ya lifti, akatuma majibu kwa milimita, pamoja na uzito ninaoweza kubeba. Mama akajibu: "Baba nanihii, nashona mtoto au lango?" Sare ikaja imenitosha. Nimeambatanisha kitufe cha akiba.

5. Hili ndilo lililonikosesha raha, na ni gumu kulisema. Baada ya barua yenu tulikwenda kwa mshauri wa mambo ya viza, yule anayehudumia bure pale maktaba. Akasoma meseji akavua miwani. "Mzee wangu," akamwambia Baba, "ongezeni mapenzi. Afisa anataka kuona mapenzi kwa maandishi." Tulipofika nyumbani Baba alikaa na simu kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu amshike. Mwisho akanisukumia. "Wewe umesoma lugha mbili. Huwezi kukosa neno."

Ndugu Afisa, sijawahi kumwandikia mtu yeyote maneno ya mapenzi. Kuna mtu darasani ambaye nimeshindwa hata kumuomba rula. Na mtu wa kwanza niliyepangiwa ni mama yangu mzazi. Nilijifunika shuka nikaandika: "Malaika wangu! Macho yako yameniibia usingizi!" Baba akatuma bila kusoma.

Mama akajibu papo hapo: "Nani kafa?"

Baba akaandika hakuna aliyekufa. "Umefukuzwa kazi?" Hapana, nikaandika mimi, hapana, ua la moyo wangu. "Mpe mtoto simu." Nikapewa. Akaniuliza, "Mwanangu, baba yako ana homa? Mguse paji." Nikamgusa. Nikasema hana. Akasema, "Haya."

Ningeishia hapo. Lakini mshauri alisema ziwe nyingi, nami nilikuwa nimeanza kunogewa. Nikaandika kwamba kila lifti anayoipanda anaomba isimame kwenye ghorofa ya mapenzi yake. Niliiona nzuri sana. Mama akajibu: "Mwambie huyo mwanamke anayekuandikia kwamba mume wangu hajawahi kuweka alama ya mshangao tangu azaliwe."

Tangu siku hiyo hajauliza kama Baba amekula. Hapokei simu. Mimi ananiandikia, ila ananiuliza mambo ya hesabu na kama nyumba ina mgeni. Baba anakula amesimama. Mwenzake wa kazini ameniambia kwamba sasa Baba anapanda kutoka shimoni kila mara kutazama simu, yeye aliyekuwa anashuka kuikimbia. Nilimwambia Baba nitamwambia Mama ukweli, akasema, "Acha. Tukisema ni wewe, mshauri atasema ushahidi ni wa kughushi."

Kwa hiyo lalamiko langu la tano ni hili: ndoa ilikuwa nzima mpaka Idara ilipoomba kuiona.

Kutokana na hayo naomba Idara ichague moja kati ya yafuatayo:

(a) Ikubali ugomvi kuwa ushahidi, na iandae fomu yake. Niko tayari kusaidia maswali.

(b) Kama fomu ni ngumu, maafisa wa Kitengo walete meseji walizoandikiana na wake na waume zao juma lililopita, zibandikwe ukutani pale kwenye viti vya kusubiria, ili sisi wananchi tuone kiwango kinachotakiwa. Hata za juma moja zinatosha. Tutajitahidi kuzifikia.

(c) Kama yote mawili hayawezekani, basi Idara iandike rasmi, kwa mhuri, kwamba Baba na Mama hawajaoana. Baba ataacha kujitetea kuhusu mfuniko. Mama ataacha kushonea watu wasiomhusu. Na kwa kuwa kibali changu cha ukaazi mlikitoa ninyi wenyewe, kikiwa na majina ya wote wawili, naomba ofisi hiyo hiyo inifahamishe mimi ni kiambatisho cha nini.

Naomba radhi kama nimevuka mipaka. Ana kwa ana nisingeweza kukwambia hata nusu yake, ningekuonyesha kitambulisho tena.

Nisalimie askari wa mlangoni aliyenishikia mkoba, dada wa dirisha la pili anayekula karanga chini ya meza akidhani hatumwoni, mtafsiri wako, nampa pole ya kazi, na wote wanaosubiri kwenye viti vya ghorofa ya nne. Msalimie na mwenza wako, hata kama mmenuniana.

Mimi niliye katika foleni yako,

Mtoto wa Fundi Lifti

N.B. Nilikuwa nimemaliza. Kwa kuwa sijafikisha umri, barua hii inahitaji sahihi ya mzazi, na leo Baba hana zamu, kwa hiyo nilimpa asome. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akasema, "Yaani umemwandikia mtu wa Serikali kwamba mimi sina maneno matamu." Akachukua simu akaingia bafuni, akafunga mlango.

Kuta zetu ni nyembamba. Simu iliita sana, nikadhani Mama hatapokea, kama siku hizi zote. Akapokea. Nilimsikia kwa mbali, "Unasemaje wewe?" Baba akamweleza kwamba mwanamke anayemwandikia ni mimi. Mama akapiga kelele, akacheka mpaka akakohoa. Baada ya hapo Baba akaanza kusema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba hii. Alimwita jina ambalo silijui, si lile la kitambulisho wala lile la kumwita kwa jina langu. Alimwambia anamkumbuka vipi, na wapi, na saa za namna gani. Mama alijibu. Sikujua kwamba Mama naye ana sauti hiyo. Nimesoma lugha mbili, Ndugu Afisa, na sidhani kama ningeweza kuyatafsiri hata kwa moja. Niliwasha redio kwa adabu.

Nalazimika kusahihisha, basi. Malalamiko yangu namba moja hadi namba tano yana makosa. Wazazi wangu wanasemeshana mapenzi, tena sana, na inaonekana ni jambo la miaka yote. Ila si kwa maandishi, na si mbele yangu.

Nilimgongea nikamuomba anipe sentensi moja tu, niirekodi kwa ajili ya faili. Nilimweleza kwamba hicho ndicho mnachokitaka, kwamba kwa sentensi moja ile Mama angekuwa hapa kabla shule hazijafungwa. Alifungua mlango kidogo, simu kifuani, akafikiri. Akamuuliza Mama. Nilimsikia Mama akisema, "Thubutu."

Baba akatia sahihi barua akiwa amesimama mlangoni, akanirudishia kalamu, akaniambia, "Waandikie hatuna."

Nimeagizwa, nami naandika: hatuna.