Waliruhusiwa na Nani?

Jumatatu, 4 Machi
Siku kuu kwangu! Mjomba Datuk, mkuu wa ukoo wa mke wangu, kanipa mimi kazi ya kuandika sheria zetu za kale za ardhi. Zitasomwa Jumamosi ukumbi wa mila ukifunguliwa, mbele ya kijiji kizima. Mimi, Sutan, niliyehamia ukweni na sanduku na jogoo! Sasa watajua binti yao aliolewa na mtu wa maana. Shemeji Yusnidar, dada mkubwa wa mke wangu, mwalimu mstaafu, kanuna. Na anune. Kazi hii aliitaka yeye.

Jumanne, 5 Machi
Nimemaliza. Mwanzo wake, mashallah: “Hapo kale watu wa nchi hii, pamoja na wake zao, walilima mabonde haya, na wanawake waliruhusiwa kumiliki mashamba na nyumba.” Nikamsomea mke wangu Efmi akimenya vitunguu. Akauliza kwani wake si watu. Nikamwambia asinivurugie.

Jumatano, 6 Machi
Balaa! Yusnidar kaisoma. Kanikuta nakunywa kahawa ya majani ya mbuni, kaniuliza waliruhusiwa na nani. Nikasema na wazee. Wazee gani? Wazee wanaume, jamani, kuna wengine? Akaja juu. Eti ardhi hapa hutoka kwa mama kwenda kwa binti tangu enzi na enzi, hakuna mwanamume aliyewahi kuwa nayo hata aitolee ruhusa. Eti kwa neno moja nimempora mama yake nyumba bila hata kupiga hodi. Nyumba yenyewe ndiyo hii ninayolala! Mama mkwe alikuwa dirishani, kasikia yote. Chakula cha jioni, wali mtupu. Rendang, ile nyama iliyokaushwa kwa tui la nazi, ilipita mbele yangu ikaenda kwa wajukuu.

Alhamisi, 7 Machi
Mjomba Datuk kasema nirekebishe, la sivyo atasoma Yusnidar. Nimerekebisha! Nimefuta “waliruhusiwa.” Nimeweka: “Wazee wetu, kwa ukarimu wao, waliwaachia wanawake ardhi.” Heshima tupu. Mama mkwe kaniuliza, kwa upole kabisa, kama godoro langu litaenea kwa mama yangu. Efmi kacheka mpaka kapaliwa.

Jumamosi, 9 Machi
Kasoma Yusnidar. Mkononi hana kitu, macho kwangu: “Hapo kale wanawake wa nchi hii, pamoja na waume zao, walilima mabonde haya. Wanaume nao waliruhusiwa kulala ndani.” Ukumbi mzima hoi kwa kicheko! Mjomba Datuk anafuta machozi. Nikasimama kwa hasira, nikafoka: Waliruhusiwa na nani? Kwani sisi si watu? Yusnidar akatabasamu, akasema haya, shemeji, sasa umeelewa, kisha akasoma sheria zenyewe kama zilivyokuwa. Mama mkwe kanipakulia rendang kwa mkono wake. Nyama tatu. Sijui kwa nini.

Jumapili, 10 Machi
Sikulala kwa fahari. Nimevumbua jambo kubwa: neno dogo linaweza kumdhulumu mtu haki yake! Nimeligundua mimi, peke yangu, bila msaada wa yeyote. Leo naanza kitabu kizima, kuwafundisha watu wa nchi hii, pamoja na wake zao. Sina kinyongo. Hata Yusnidar nitamruhusu akisome.