Mama Mkwe Apanga Foleni

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu tukufu. Kalamu yangu, uliyetoka ofisini kwa mkopo usio na tarehe ya kurejeshwa. Mheshimiwa Kiti, mwenye miguu mitatu na nia njema. Paka wa jirani, uliyeingia bila mwaliko. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Nasimama mbele yenu (nimeketi, lakini moyo umesimama) kutangaza habari njema. Mkuu wa Kitengo cha Misaada ya Wanafunzi amestaafu. Chumba chake ki wazi. Chumba chenye mlango! Mlango wenye ufunguo! Na kile kiti kinachozunguka! Miaka yote hii nimekaa nyuma ya kioo cha dirisha la kwanza, kioo ambacho fundi alikitoboa chini mno, hata mwombaji akitaka kusema nami hulazimika kuinama. Nawajua wanafunzi wa chuo hiki kwa visogo vyao.

Wagombea ni wawili. Mimi, na jirani yangu wa dirisha la pili, ambaye chuo kizima humwita Bi Pole, kwa kuwa kila afikaye kwake humpokea kwa neno hilo, hata aliyekuja kuuliza choo kilipo. Mkuu wa Chuo ametuita na kutuambia kwamba vyeti vyetu hana haja navyo. Atapita kuzitazama foleni zetu. Ijumaa, baada ya kikao cha kamati ya misaada, atamtaja mwenye chumba.

Nilimweleza mke wangu mezani. Nilianza na itifaki. Akaniambia nipitishe chumvi kwanza. Mama mkwe, aliyekuja kwetu kutibiwa jino, jino likapona, yeye akabaki, aliuliza kama chumba hicho kinatosha kulala mtu, ili kukoroma kwangu kuhamie huko. Nikampitishia na yeye chumvi, kwa heshima. Mkwe ni mkwe.

Jumanne, 4 Machi

Hekima ya leo. Foleni ndefu ni ushahidi wa mtumishi mzembe. Foleni fupi ni ushahidi wa mtumishi hodari. Basi foleni isiyokuwepo kabisa…!

Nilibandika tangazo juu ya kioo changu: HAPA NI MAOMBI MAGUMU TU. Ni nani atakayekubali mbele ya wenzake kwamba ombi lake ni gumu? Kufumba na kufumbua, foleni yangu yote ilihamia kwa Bi Pole. Ikazunguka nguzo. Ikatoka nje. Ikafika penye bomba la kunawia. Bi Pole alisema pole mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilifuta kioo. Mwanafunzi mmoja wa uchomeleaji alinijia akisema la kwake ni gumu kweli, baba yake amepooza na yeye ndiye kifungua mimba. Nikamsihi asijidharau. Nikamwelekeza dirisha la pili.

Mkuu wa Chuo akapita. Akasimama. Akatazama kwa Bi Pole, akatazama kwangu. Nilitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akauliza watu wangu wako wapi. Nikajibu kwa unyenyekevu kwamba nimewamaliza. Akasema mtaani kwao kulikuwa na mwenye duka aliyekuwa akijibu vivyo hivyo kuhusu wateja, na leo duka lile ni banda la kuku. Akaongeza kuwa dirisha lisilo na watu haliongozi kitengo, huzibwa kwa matofali. Kisha akakipima kioo changu kwa shubiri. Kwa shubiri!

Nimelibandua tangazo. Foleni haikurudi. Watu wakishaonja pole, kioo kisafi hakiwaambii kitu.

Jumatano, 5 Machi

Panapo nia pana njia, na njia yangu ilikuwa imejilaza kwenye kochi langu ikitafuna bigijii.

Nilimwomba mama mkwe anisaidie kwa jambo dogo la kitaifa: aje apange foleni dirishani kwangu, ainame, atikise midomo, aondoke, kisha arudi na mtandio mwingine. Akauliza yeye atapata nini. Nikamwahidi kutengeneza bomba la jikoni. Akaniambia ahadi hiyo ni ya tangu jino linauma. Lakini akaja.

Alikuja na mtandio wa kijani. Akarudi na wa zambarau. Akarudi na ule wa mistari, huku akichechemea, jambo ambalo hatukukubaliana. Na nyuki hufuata nyuki! Wapita njia waliona watu wanakuja kwangu, nao wakaja. Dirisha langu likawa dirisha.

Balaa ni kwamba Mkuu wa Chuo hakupita kwa mbele. Alipita kwa nyuma. Mama mkwe alipoinama mara ya nne, Mkuu alikuwa amesimama begani kwangu, akinitazama ninavyofanya kazi. Ilinibidi niulize maswali ya kweli. Kozi gani? Akajibu bila kusita: uhasibu, madarasa ya jioni. Kwa nini sasa? Akasema aliachishwa shule ili aolewe, na tangu hapo amefanya biashara sokoni maisha yake yote, akakopesha, akadai, akagawa faida, bila mtu wa kumweleza hayo anayoyafanya yanaitwaje. Anataka kujua yanaitwaje kabla hajafa.

Mwigizaji wa ajabu! Waliokuwa nyuma yake walipiga makofi. Mkuu alisafisha koo. Nami, kwa kutaka kukoleza mchuzi, nikabonyeza kitufe mbele ya macho yake: ombi limefunguliwa. Akanipiga begani. Bega hili sitaliosha.

Wakati wa chakula nilimpongeza mama mkwe kwa uigizaji wake. Aliuliza kamati inakaa lini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi

Mabibi na mabwana, hali si shwari.

Nilikwenda asubuhi kulifuta ombi lile. Halifutiki! Katika kitengo chetu, ombi likishafunguliwa sharti lifike mbele ya kamati. Kanuni hiyo iliwekwa ili watumishi wavivu wasiwafute wanafunzi wasumbufu. Niliipendekeza mimi mwenyewe, kwa hotuba ndefu. Nilipigiwa makofi.

Kuna na nyingine. Mtumishi mwenye ndugu miongoni mwa waombaji hana budi kumtaja kwa kinywa chake mbele ya kamati, kabla ya uamuzi. Asipomtaja, ikija kugundulika, ombi hutupwa, na mwombaji husubiri mwaka mzima. Hiyo ilikuwa ya Bi Pole. Hakupigiwa makofi. Leo aliniona nikitokwa na jasho mbele ya feni, akaniambia pole. Anajua! Au hajui. Mwanamke huyu ukimtazama usoni huoni kitu ila pole.

Nimerudi nyumbani nikamkuta mama mkwe amenunua mkoba. Amepiga pasi gauni lake la arusini. Amewatangazia majirani kwamba anakwenda chuo, na jirani wa juu amemzawadia kikokotoo cha mtoto wake. Nikamweleza kwa lugha teule kwamba lile lilikuwa igizo. Akaniuliza ni nani aliyekuwa akiigiza. Akasema yeye aliulizwa akajibu, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mke wangu alinivuta jikoni, penye bomba. Linadondoka hata anapozungumza mtu. Akasema mama yake anaimba tangu alfajiri, na kwamba nikimharibia, basi kile chumba chenye mlango nikakitazame vizuri kama kina nafasi ya godoro.

Nimepima pande zote. Nikimtaja mama mkwe, foleni ya mitandio itajulikana, na kiti kinachozunguka kitanizunguka mimi. Nisipomtaja na wakagundua, mama atakosa mwaka mzima. Lakini watagunduaje? Majina yetu hayafanani. Nyuso zetu, namshukuru Mungu, ndiyo kabisa. Nimeamua: nitanyamaza. Nimemwomba mama mkwe kesho ajifanye hanijui. Amesema hilo ni rahisi, amekuwa akijaribu tangu harusi.

Ijumaa, 7 Machi

Walioketi: Mkuu wa Chuo, mwenyekiti. Mhasibu wa chuo. Bi Pole. Mimi, mwandishi wa kumbukumbu.

Mama mkwe aliingia na mkoba wake, akasalimia kila mtu, mimi akanisalimia kama mtu anayesalimia kabati. Mkuu akamwuliza hali ya nyumbani ikoje na ni nani anayemtunza. Hilo ni swali la kila mwombaji. Sijui kwa nini sikulikumbuka.

Akasema anaishi kwa mkwewe. Akaulizwa mkwe huyo ni mtu wa namna gani. Mama akavuta pumzi ndefu, akauweka mkoba chini. Akasema si mtu mbaya, ila maneno yake ni mengi kuliko ya redio, na redio walau huzimwa. Akasema mtu huyo akitaka chumvi hutoa hotuba. Akasema hukoroma kwa aya, anapumzika, anaanza aya mpya. Akasema minofu yote huishia upande wake wa sahani kana kwamba meza imeinama. Akalieleza bomba, tone kwa tone. Mimi nikiandika. Kazi ni kazi.

Mhasibu alitikisa kichwa akasema wakwe wengine ni mtihani. Mkuu akasema mtu kama huyo hana hata haya. Akanigeukia, akaniuliza kama nami sioni hivyo. Nikasema naona.

Kisha akauliza mkwe huyo anafanya kazi gani.

Mama akanitazama. Tone moja la jasho likaangukia karatasi yangu. Akasema yeye amekuja kueleza ya kwake, na amekwisha kuyaeleza. Ya mkwe, mkwe mwenyewe ana mdomo, tena mkubwa.

Hapo nilikuwa nimeokoka! Mkuu aliliacha. Akasema wasonge mbele, mwandishi afanye muhtasari wa ombi kabla ya uamuzi, kama ada yetu. Nikainuka. Nikafunga kifungo cha koti. Na marehemu baba alinifundisha kwamba kumruka mtu katika itifaki ni sawa na kumkanyaga. Ulimi ukashika njia yake.

“Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Mhasibu, mtumishi mwenzangu Bi Pole, na kwa heshima ya pekee, mama mkwe wangu mpendwa, itifaki ikiwa imezingatiwa…”

Kalamu ya Mhasibu ikadondoka kama bomba la nyumbani kwangu.

Mhasibu aliuvuta upande wake ukurasa wangu wa kumbukumbu na kuanza kusoma yale ya kukoroma, mwandiko wangu mwenyewe. Mkuu akaniuliza polepole kama mimi ndiye mwenye bomba. Nikajibu kwamba suala la bomba limefikia hatua nzuri. Akauliza, na mitandio ile aliyoiona Jumatano ikipita dirishani, yote ilikuwa ya mtu mmoja? Mama akamjibu kwa niaba yangu: mitandio ni yake, foleni ni ya mkwe, na hitaji la kusoma ni la kweli tangu kabla mkwe hajazaliwa.

Ndipo Bi Pole aliponyoosha mkono. Akasema pole, halafu akasema ndugu ametajwa, kwa kinywa cha mtumishi, kabla ya uamuzi. Kanuni imetimia. Ombi ni halali. Mtumishi atoke nje.

Nikatoka. Nilisimama ukumbini kama mwavuli uliosahauliwa. Mlango ulipofunguka, mama mkwe alitoka akilia na kucheka kwa pamoja, akanikumbatia hadi kofia ikaanguka, akasema kumbe ukiwa huna nia ya kufanya jema unalifanya vizuri. Amepewa ada yote. Anaanza muhula huu.

Chumba amepewa Bi Pole. Jambo lake la kwanza kama Mkuu wa Kitengo lilikuwa kukitoa kile kiti nje ya chumba na kukiweka mahali pa foleni, ili wanaosubiri wapumzike. Mama mkwe alikuwa wa kwanza kukikalia. Alizunguka. Mara mbili! Mbele yangu!

Jumamosi, 8 Machi

Mheshimiwa Mama Mkwe, mwanafunzi wa uhasibu, ambaye kuanzia leo anatangulia katika itifaki ya nyumba hii, mke wangu, mwenye nyumba kwa vitendo, shangazi wa mke wangu, uliyewasili asubuhi kutibiwa goti, karibu sana, na jino lililokutangulia ni shahidi wa ukarimu wetu, paka, mabibi na mabwana.

Nimewakusanya sebuleni, na nawasomea haya kutoka shajarani ili yabaki katika historia. Wiki hii imekuwa na mafunzo mengi, na nimeyachambua. Kosa halikuwa foleni. Foleni ilikuwa nzuri. Kosa lilikuwa mitandio michache na itifaki ndefu.

Sasa sikilizeni. Mkuu mpya wa Kitengo atahitaji naibu. Bi Pole mwenyewe ameniambia kwamba wiki ijayo ataangalia ni nani dirishani ana subira na watu wenye shida. Akanitazama akasema pole. Mimi nimelichukulia kama dokezo.

Kwa hiyo nimeamua, na kikao hiki kitekeleze: Jumatatu saa mbili asubuhi, Shangazi atafika dirisha la kwanza akichechemea. Goti analo, hapana haja ya kuigiza. Ataeleza shida yake kwa sauti kubwa. Mimi nitakuwa na subira. Mama Mkwe atamwazima mtandio wa mistari. Na nitakapoinuka kusema lolote, Shangazi hatatajwa kabisa. Nimekwisha kuiandika itifaki, nimemweka baada ya paka ili nisimfikie.

Mke wangu ameuliza kuhusu bomba. Shangazi ameuliza kama kozi ya ushonaji bado ina nafasi. Wanaoafiki hoja waseme ndiyo. Sijasikia hapana, kwa sababu wote wamecheka kwa pamoja.

Hoja imepita. Bomba litajadiliwa kwenye mengineyo.