Kijiko ya Bénie

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024
Naandika mu kaye ya Steve, daftari yake ya hesabu. Mutoto yangu hataimaliza tena. Shimo ya madini ya Shinkolobwe ilimuangukia mwezi wa kumi, mke wake Carine akiwa na mimba ya miezi tano. Leo binti yao Bénie iko na miezi ine. Anacheka mu usingizi kama baba yake.

Shemeji Casimir, kaka mukubwa wa marehemu bwana yangu, alikuja na koti. Muntu akivaa koti Jumatatu, haleti mema. Alisema mutoto hatapata jina ya jamaa bila ADN, ile kipimo ya kujua baba. Kama si wa Steve, Carine arudi kwa baba yake ku Buluo, mutoto mu mugongo. Georgette, mke wa Casimir, akaongeza kwamba masikio ya Bénie haifanane na ya muntu yeyote wa kwetu. Masikio! Yake mwenyewe nimeinyamazia miaka makumi mbili.

Carine namuamini. Ni mashine ya kupima njo siiamini.

Jumanne, tarehe 4
Infirmière Suzanne, muuguzi wa Shituru, alileta vijiti ya pamba na bahasha mbili: moja yangu, moja ya Bénie. Nikamuuliza, Steve hayuko, batapima nini? Akanieleza polepole. Mwanaume anapokea kwa mama yake kitu fulani, moja tu. Akizaa binti, anamupa yote, bila kukata. Kwa hiyo ile nilimupa Steve inapaswa kuwa mu Bénie.

Nililia kidogo. Nilifikiri nilimupa bukari ya kula tu.

Bénie alikuwa amelala. Suzanne akasema tusimuamushe, nisugue vijiti ndani ya mashavu yetu mwenyewe, nimuletee kesho. Kosa lake hilo.

Jumatano, tarehe 5
Nimefikiri sana. Kama ile kitu yangu ilipotea njiani? Minye ni muntu wa kupoteza vitu. Funguo tu, tatu tangu Pasaka. Batamufukuza mutoto juu ya uzembe yangu! Basi kijiti ya Bénie, nikaisugua mu shavu ya Bénie. Kijiti yangu, mu shavu ya Bénie pia. Sasa tutafanana kabisa. Nikafunga bahasha nikiimba.

Ijumaa, tarehe 28
Casimir alikusanya jamaa, akasoma karatasi. Labo, benye mashine, banasema nkambo na mujukuu si ndugu. Ni muntu mumoja.

Georgette akauliza nkambo wa miezi ine anapika bukari namna gani. Nikakubali yote.

Hiyo ningeivumilia. Lakini Carine alianza kukunja nguo ya mutoto. Hakulia. Alisema tu:

"Mama, kumbe hata weye ulikuwa na mashaka na minye."

Nikakamata kofia ya Bénie, ile ya sufu, nikaificha mu kitenge. Ni baridi ya Juni; mama hawezi kusafirisha mutoto kichwa wazi. Alitafuta mpaka magharibi. Amebaki.

Jumatatu, tarehe 1 Julai
Suzanne amerudi na vijiti mupya. Nimesukutua na maji mara mbili mbele ya bote, nikafungua kinywa. Casimir alichungulia ndani kama anatafuta mwizi. Nikamuambia Carine kwamba nilijiogopa minye, si yeye. Akanitazama sana. Akauliza kofia iko wapi. Nikasema bado natafuta.

Alhamisi, tarehe 25
Bénie ni wa Steve!

Casimir alisoma mara mbili. Mara ya pili sauti ikakatika. Yeye njo alimubeba Steve ku ubatizo. Georgette anasema masikio ni ya upande ya kwao. Carine akaniwekea mutoto mu mikono, nikamuvalisha kofia. Carine akaona. Akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi.

Bote banasifu labo. Minye nanyamaza. Ile asubuhi ya kupimwa tena, kabla Suzanne hajafika, nilikula uji na kijiko ya Bénie, nikailamba pande zote. Maji mara mbili itaondoa nini?

Jirani Julie naye atapimwa pamoja na mujukuu wake juma ijayo. Nimemufundisha kulamba, nikamununulia kijiko mupya. Ya Bénie siazimi. Nikiazima, Bénie atakuwa wa Julie.