Kiti cha Mawazo

Watu wengine huenda zahanati kutibiwa. Xavery alikuwa akienda kusikiliza. Alikaa kwenye benchi la nje, kiganja shavuni kama mwenye jino bovu, akiwachunguza wanaotoka. Aliyetoka na dawa hakumshughulisha. Yeye alimtaka yule aliyetoka na hasira, kwa kuwa hakuna mgonjwa mkarimu kama aliyenyimwa ugonjwa wake.

Ndipo akatoka Veneranda, mjane, muuza asali maarufu pale Tabora mjini.

"Eti vipimo vyote safi!" aliliambia benchi zima. "Mgongo unaungua kama umewekewa pasi, tumbo limejifunga fundo, halafu naambiwa ni mawazo. Mawazo ndiyo yanachoma mgongo?"

Daktari alikuwa amesema kweli. Bahati mbaya aliisema mkono ukiwa kwenye kitasa, akiita mgonjwa mwingine.

"Yanachoma, mama. Shikamoo," alisema Xavery.

"Marahaba. Na wewe nani?"

"Tabibu Sabiri, Mzaramo wa Maneromango. Babu yangu aliwatibu wapagazi wenu walipofika Pwani na mizigo. Kila mmoja analia mgongo, anasingizia pembe za ndovu. Kumbe nusu yao ni wake waliowaacha nyumbani."

Veneranda akacheka bila kutaka. "Mzaramo? Basi wewe mtani wangu!"

"Mtani kabisa!" akaitikia Xavery, akafurahi.

Ukweli ni kwamba alizaliwa Bukene, kando ya reli, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda. Lakini nani atamheshimu mganga ambaye mama yake anauza mchicha jirani? Dawa ni lazima itoke mbali. Kuhusu utani, alijua kama kila mtu kwamba Wanyamwezi na Wazaramo hutaniana tangu enzi za misafara. Kwamba mtani anaweza kukutukana, kukufunga kamba na kukuchukulia kitu chako, na wewe kazi yako ni kucheka. Alijua, ila siku ile hakuona hayo yanamhusu nini.

Asubuhi iliyofuata alifika kwa Veneranda na mkoba wake wa ngozi, mkoba wenye kifungo cha shaba uliofanya nusu ya kazi kabla hajafungua mdomo.

"Mwangaluka!" Veneranda akaita kutoka jikoni, kwa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mayu!" Xavery akajibu, akijifuta vumbi kwenye viatu.

Sebuleni akaiona. Pikipiki, karibu mpya, imefunikwa kitenge kama bibi harusi. Moyo wake ukaruka, nao haukuwa na ugonjwa wowote wakati ule.

"Ya marehemu mume wangu, Lugembe," alisema Veneranda. "Nikipita hapo tu, mgongo unawaka."

"Mama, hicho ndicho kiti cha mawazo!" Xavery alinong'ona kwa uchungu mkubwa wa kitaalamu. "Mawazo hayakai hewani, yana kiti. Nitakiondoa mimi mwenyewe, nikipeleke mbali ng'ambo ya Usoke, na wewe usiulize kilikoenda. Lakini kwanza lazima useme yote. Kiti hakitoki na mtu juu yake."

Hilo la kusema yote alilitunga tu, ili ajue kadi ya pikipiki iko wapi na mashemeji ni wakali kiasi gani. Basi akawa anakuja kila alasiri, anakunywa chai, anasikiliza. Veneranda akasema. Siku moja akasema lile ambalo hata kwa padri lilimkwama: asubuhi ya ajali ya basi iliyomuua mumewe waligombana, akamnyima chai, naye akaondoka na njaa na hasira, asirudi. Msibani kila aliyefungua mdomo alimwambia jikaze. Alijikaza mpaka mgongo ukawaka.

Akalia mpaka kanga ikalowa. Xavery naye akahisi macho yanamuuma, jambo lililo kinyume kabisa na maadili ya kazi yake.

Kuanzia hapo mambo yakaenda mrama. Veneranda akaanza kula ugali wa kushiba na kulala. Xavery akaacha. Akiona sare ya polisi, kifua kinambana. Akimkumbuka yule mama akilia, tumbo linamwaka moto. Alitafuna vidonge vya tumbo kama karanga.

Siku ya kuchukua kiti ikawadia. Akakuta pikipiki uani, imeoshwa inang'aa. Juu yake ameketi Veneranda, kofia ngumu kichwani. Kando amesimama dada yake, Apolinaria, ameshika kamba.

"Mtani!" Apolinaria akapaza sauti. "Babu yako alimuuzia babu yangu maji ya tope njiani. Leo nimekuja kudai!"

Kufumba na kufumbua mikono ya Xavery ilikuwa imefungwa, mkoba wake umo begani mwa Veneranda.

"Mkoba wangu! Jamani, ndiyo kazi yangu hiyo!"

"Heee, Mzaramo anakasirika? Nitukane basi, mtani! Tutukanane!"

Xavery akafungua mdomo. Tusi la Kizaramo hakuwa nalo hata moja. Akisema yeye ni Mnyamwezi mwenzao, amejishtaki. Akikasirika, amejishtaki. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya mno.

"Ulijua lini, mama?"

"Siku ya kwanza ulipokuja kwangu. Mzaramo gani anaitikia mwangaluka kama aliyezaliwa Bukene?"

"Sasa mbona ukaniacha niendelee?"

"Ndugu zangu wote walikuwa wananinyamazisha. Wewe mwizi ndiye uliyenisikiliza." Akawasha pikipiki. "Mfungue, Apolinaria. Amekonda."

Wiki ileile Xavery alitoka zahanati akiwa mgonjwa kweli, akiliambia benchi, "Eti vipimo safi! Mawazo ndiyo yanachoma tumbo?"

"Yanachoma, baba," ikajibu sauti. Ni Veneranda, aliyeleta asali ya manesi. "Njoo alasiri, chai ipo. Utasema yote. Ila nianze kukuuliza: kitu gani ukikiona tu, tumbo linawaka?"

Macho ya Xavery yakatua begani mwake, penye kifungo cha shaba.

"Huo mkoba," akasema.

"Pole sana," alisema Veneranda, akiuweka vizuri begani. "Basi usiulize ulikoenda."