Tafadhali Mlango Wetu wa Nyuma Usikatwe

Kwa Mheshimiwa Mwenye Nyumba,
Nyumba yenye geti la kijani,
Mtaa wetu huu huu.

KUHUSU: KUZUIA MSUMENO WA SEREMALA WAKO SIKU YA JUMAMOSI

Baba Mwenye Nyumba,

Shikamoo kwanza, malalamiko baadaye, maana nimelelewa.

Mimi ni mke wa fundi cherehani, mpangaji wako wa nyumba ya mwisho. Tumefunga ndoa miezi minne na siku tisa zilizopita. Siku hizo sizihesabu kwa makusudi, zinajihesabu zenyewe. Nimelipata tangazo lako ulilolibandika kwenye mlango wetu wa nyuma, linalosema kwamba Jumamosi asubuhi utamleta seremala aukate mlango huo vidole sita kutoka chini, kwa sababu haufunguki. Nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilishangaa, mara ya pili nikalia. Mara ya tatu mume wangu alinisomea kwa sauti yake ile nzito, na hata hapo, Baba, pamoja na utamu wote wa msomaji, maneno yalibaki machungu.

Kabla sijafika kwenye malalamiko yenyewe, niruhusu nieleze jinsi mlango ulivyozibwa, maana najua mtaani yanasemwa mengine.

Ua wetu wa nyuma ulikuwa tope mvua ikinyesha na vumbi isiponyesha. Wiki ya pili ya ndoa, mume wangu alinikuta naanika shuka huku nimesimama kwa ncha za vidole, akaniambia, “Mke wangu, miguu hii haikuumbwa kukanyaga tope.” Akaja kwako kuomba ruhusa ya kujenga baraza la mbao, ukampa, na tunashukuru. Hakutafuta seremala. Alisema mapenzi hayapewi kibarua. Aliwaita marafiki zake wawili: kinyozi wa pale kona, na dereva wa lori ambaye mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu hajawahi kuharakisha jambo lolote maishani mwake. Lori la Breki ndilo lililoleta mbao.

Mume wangu alipima kutoka ardhini hadi kwenye kizingiti kwa utepe wake wa kushonea, ule wa njano anaouvaa shingoni, mimi nikiishika ncha ya chini. Kipimo kilikuwa sahihi kabisa, naweza kuapa. Lakini fundi cherehani hakati kitu kwa kipimo chake, huacha akiba ya mshono. “Nguo hupunguzwa, haiongezwi,” alisema, akaongeza vidole viwili kwenye kila nguzo, akampa kinyozi msumeno. Kinyozi naye ana jeraha lake. Zamani alimnyoa bwana harusi kupita alivyoombwa, na tangu siku hiyo hakati kitu mpaka kwenye alama. Akaacha vidole viwili vingine. “Ukizidisha kukata, nywele utazirudishia kwa gundi?” aliuliza, na wenzake wakaona ana hoja. Breki, aliyekuwa akisimamisha nguzo mashimoni, akasema gari lenye tumbo chini ndilo linalokwama, akaweka jiwe la vidole viwili chini ya kila nguzo. Walisifiana kutwa nzima. Hakuna aliyejumlisha.

Jumamosi tatu mlango ulifungwa kwa komeo ili unga wa mbao usiingie kwenye sufuria zangu, na chai yao niliwapitishia dirishani. Jumamosi ya tatu, msumari wa mwisho ulipozama, mume wangu aliita, “Malkia, fungua mlango uje uone!” Nikatoa komeo, nikasukuma. Mlango ukasema ngo. Nikasukuma kwa bega. Ngo. Breki akapaza sauti huko nje, “Shemeji, acha utani, watu tumesimama!” Nikawaambia mimi sina utani na mlango. Wakavuta wao. Wakavuta tena. Kisha nikamsikia kinyozi akisema polepole, “Jamani, mlango huu hufungukia nje.”

Ndipo mume wangu alipokuja dirishani. Alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi. Alininyooshea mikono akasema neno moja tu: “Njoo.” Akanibeba kama kitambaa cha hariri kisichotakiwa kukunjamana, akanitua katikati ya baraza. Marafiki wakapiga makofi. Baba Mwenye Nyumba, siku yangu ya harusi nilibebwa na teksi.

Tangu siku hiyo, kila nikitaka kutoka nje hunibeba, na kila nikitaka kurudi ndani hunibeba. Cherehani yake iko chumba cha mbele, kwa hiyo nikiita anakuja, wakati mwingine na pini mdomoni. Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Tangazo lako linasema mlango una hitilafu. Naomba neno hilo lifutwe. Mlango mzima kazi yake ni kumpitisha mtu. Wetu hunipitisha mikononi mwa mume wangu mara sita kwa siku, na siku ya kufua mara kumi. Niambie ni seremala yupi amewahi kutengeneza mlango unaoushinda huo.

2. Unasema kupita dirishani ni hatari. Lakini dirisha lile lilikuwa na nondo, ukaziondoa mwaka jana ili upake rangi, ukasema zitarudi kesho kutwa. Sikulaumu, nakushukuru kwa moyo wangu wote. Nondo zile zingekuwepo, ndoa yangu ingekuwa kama za watu wengine tu. Kama zimeonekana, tafadhali zipoteze tena.

3. Unasema tunaweza kutoka kwa mlango wa mbele na kuzunguka nyumba. Nimejaribu. Ni hatua arobaini na moja, kupitia uchochoro wa tangi la maji ambako nguo hushika kutu. Hatua arobaini na moja bila mume! Nilipofika barazani nilikuwa nimemkumbuka mno hata sikuweza kukaa. Nikarudi.

4. Hili ni zito, naomba ulisome ukiwa umekaa. Siku ya kuniaga, shangazi zangu waliniweka kati wakaniambia kwa kauli moja, “Furahi sasa, mwanetu. Kipya kinyemi. Miezi sita tu, atatangulia mlangoni na kuuachia ukupige usoni.” Walicheka, nami nikacheka, lakini neno lile liliniingia. Tangu hapo naisubiri hiyo miezi sita kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Mlangoni, Baba, mume anaweza kusahau. Atapita akiwaza zipu na vifungo vya watu, nami nitapita baadaye nikiwaza vitunguu. Hatutagombana, hatutakuwa na sababu. Tutapita tu, kila mtu kwa wakati wake, mpaka jioni moja nitakumbuka kwamba hajanigusa hata mkono tangu asubuhi. Dirishani hawezi kusahau. Hata akiwa amechoka, hata akiwa amenuna, lazima aje, anyooshe mikono, aseme “Njoo.” Wiki iliyopita niliunguza shati la mteja kwa pasi, tukarushiana maneno. Yeye akanuna nje, mimi nikanuna ndani. Wingu likatanda na nguo zetu ziko kambani, nami ndiye ninayejua zipi ni za kukunja na zipi ni za kuanika tena. Akaja dirishani, akanyoosha mikono. Ungekuwa mlango, ningepita na hasira zangu hivi hivi. Lakini huwezi kumnunia mtu aliyekubeba, pua zenu zikiwa karibu namna ile. Nilimaliza kununa kabla miguu haijagusa mbao. Ndicho unachotaka kuja kukikata hicho, si ubao.

5. Umeliita baraza letu mrundiko wa mbao. Jirani yetu mwenye tangi ameniambia kwamba siku uliyokuja kubandika tangazo ulivua viatu, ukakalia kiti cha mume wangu, ukasinzia mpaka kofia ikaanguka. Hatukulalamika. Kofia tulikuokotea, iko hapa imefutwa vumbi. Nauliza tu, kwa adabu, kama mrundiko wa mbao huwa unamlaza mtu mzima saa nne asubuhi.

6. Umewaumiza mafundi. Jioni ile waliposoma tangazo, Breki aliruka: “Vidole sita? Vyangu ni viwili tu, msinisingizie!” Kinyozi akasema vyake ni viwili. Mume wangu akakiri viwili. Hivyo ndivyo hesabu ilivyojumlishwa kwa mara ya kwanza tangu ujenzi uanze, na waliona aibu kiasi kwamba kinyozi alienda nyumbani bila kumaliza chai. Amenituma nikuambie kwamba seremala akiugusa mlango ule, kisogo chako utatafuta pa kukipeleka.

7. Kwa hiyo seremala asije. Au basi, nikifikiri vizuri, na aje, lakini na matofali na saruji, auzibe mlango kabisa, ili mpangaji wa baada yetu asije akapata wazo la kuufungua. Kisha apite kwenye nyumba zako nyingine zote zenye mume na mke. Aanze na nyumba ya pili, wale wanaorushiana sahani, na dirisha lao alipandishe juu kidogo ili mume atumie nguvu zaidi kwa mkewe na zisibaki za sahani. Wale wazee wa nyumba ya nne wasamehewe kubebana, washikane mikono tu dirishani kwa muda utakaowekwa kwenye mkataba. Ningependa kipengele hicho kiandikwe kwa herufi kubwa, chini ya kile cha kutofuga kuku.

8. Na mwisho, kwako mwenyewe. Nasema haya nikiwa nimepiga magoti kwa heshima. Jumapili nilikuona ukitoka sokoni. Wewe ulikuwa umetangulia, mikono nyuma, na Mama alikuwa hatua ishirini nyuma yako akihamisha kapu kutoka mkono huu kwenda huu. Nilitamani kulia. Mna mlango wa nyuma unaofunguka vizuri sana, nimeuona, hauna hata mlio. Umri umewapitia hapo kwa miaka thelathini bila kugusana. Mume wangu na rafiki zake wako tayari kuja kwako Jumamosi hiyo hiyo kukujengea baraza, na wameahidi kupima kwa uangalifu ule ule.

Naiachia hapa kabla karatasi haijalowa. Nisalimie Mama na umwambie pole ya kapu. Nisalimie watoto, mlinzi wa getini na mbwa wenu, na yule seremala pia, ambaye sina ugomvi naye, ila msumeno wake upumzike. Mume wangu anakuamkia. Breki anasema atakuja kukusalimu mwenyewe, ila usimsubiri.

Aliye nje ya dirisha na ndani ya furaha,

Mke wa Fundi Cherehani

Nyongeza, Alhamisi mchana:

Bahasha ilikuwa bado wazi jana asubuhi alipofika mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kwa siku tatu. Alitaka kuliona baraza. Mume wangu, mtoto mwema, alienda dirishani akanyoosha mikono, akasema, “Njoo, mama.” Akambeba. Mama alicheka mpaka majirani wakatoka. Alisema, “Miezi tisa nilikubeba wewe, leo deni limeanza kurudi,” akaomba arudishwe ndani kuchukua miwani. Kisha akatolewa nje. Kisha akarudishwa ndani kuchukua kile kitambaa cha kufutia miwani. Mpaka sasa amebebwa mara kumi na nne, na ana mpango wa kuhamishia barazani mto, redio na mafuta ya miguu, kimoja kimoja. Mikono ya mume wangu inatetemeka hata uzi hauingii kwenye sindano. Jana jioni niliposimama dirishani na kujitengeneza kanga, alinitazama kwa macho ya huruma, akasema, “Mpenzi wangu, zunguka tu.” Asubuhi ya leo mama ameamka na habari njema kwamba siku tatu hazitoshi, atakaa mwezi.

Baba Mwenye Nyumba, Jumamosi ni mbali mno. Seremala aje kesho alfajiri, mimi mwenyewe nitamshikia mlango. Kurasa za juu zitunze vizuri, na mama mkwe akiuliza ni nani aliyemleta huyo mtu na msumeno, mwonyeshe jinsi nilivyopinga. Kipande hiki cha chini ukichane.