Siri ya Saa Saba Maabarani

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kihistoria! Nimekabidhiwa jukumu la kutathmini mfumo wa kompyuta wa maabara ya hospitali. Ripoti inatakiwa Ijumaa; ikimridhisha Mkurugenzi, ajira ya kudumu ni yangu. Nimevaa tai. Bi Daftari, mtaalamu mkongwe wa maabara, ameniuliza kama nimekuja kupimwa.

Jumanne, 4 Machi
Ugunduzi! Kwa mujibu wa kompyuta, majibu ya vipimo vyote, damu, mkojo, makohozi, hukamilika saa saba mchana. Si saa tatu, si saa tano. Nadharia: mashine hufanya kazi vizuri zikishapata joto la mchana. Nimechora grafu ya rangi tatu. Bi Daftari ameitazama, akacheka mpaka akaomba kiti.

Jumatano, 5 Machi
Adui nimembaini: lile daftari nene la Bi Daftari, lenye jalada jekundu. Kila jibu huandikwa humo kwanza. Huu ndio mzigo unaoulemea mfumo! Alipokwenda kunawa nikalihamishia kwenye droo yangu, chini ya nakala za shahada. Kesho kompyuta itapaa!

Alhamisi, 6 Machi
Haikupaa. Asubuhi nzima maabara yote ilikuwa ikitafuta daftari. Nami nilitafuta, kwa bidii ya kupigiwa mfano. Hadi saa nane kompyuta haikuwa na jibu hata moja. Wodi zinapiga simu; daktari wa upasuaji kaja mwenyewe, na glavu zake. Ndipo nikang'amua: majibu huandikwa daftarini, kisha saa saba, foleni ikipungua, yote hunakiliwa kwenye kompyuta kwa mkupuo. Nikalitoa, nikidai nililichukua kulikagua.

Bi Daftari hakupandisha sauti. "Mwanangu, mgonjwa hasubiri kompyuta iwake. Ungeuliza, ningekwambia."

Kuuliza! Mimi, mwenye daraja la kwanza!

Ijumaa, 7 Machi
Nimewasilisha ripoti, grafu ikitangulia. Mkurugenzi akataka kujua daftari lilifikaje kwenye droo yangu. Nikajibu kwamba suala hilo liko nje ya hadidu za rejea. Uamuzi: ajira ya kudumu, bado. Mwezi mmoja wa majaribio, chini ya Bi Daftari, nikinakili daftari lake kwenye kompyuta.

Nimempigia mjomba kumjulisha kwamba takwimu zote za maabara sasa zinapita mikononi mwangu. Ameuliza mara mbili kama kweli nimepandishwa cheo. Wivu wa kizazi kilichotangulia.

Jioni nimepita stoo ya dawa. Kumbe nao wana daftari! Tena jembamba. Nimekwisha kulipima kwa macho: linaenea kwenye mkoba wangu.