Kitambaa Kilichokauka Kikiwa Kimelowa

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule kaniita ofisini. Nimeingia nikidhani nafukuzwa. Kumbe heri! Nimekabidhiwa mwalimu mpya wa sayansi nimlee. Alhamisi Mkuu atakaa darasani kumkagua. Akifaulu, anathibitishwa kazini. Akishindwa, anafungasha virago. Mkuu akaongeza kwamba kiti cha makamu ki wazi, na anatafuta mtu anayejua kulea. Hakunitazama aliposema. Alitazama dirishani, alikokuwa akipita Bikari, mwalimu wa hisabati. Naye kapewa mwalimu mgeni wake wa kulea!

Jumanne, 5 Machi

Nimemweleza binti, huyo mwalimu mpya, siri za shule: mlango upi wa kabati haufungi, kiti kipi asithubutu kukikalia (cha Bikari). Kashukuru, kisha kauliza afanyeje na mtoto asiyeelewa. Swali gumu. Nikamwambia uzoefu utakuja. Sauti yake ndogo mno! Kidato cha kwanza watamla mbichi. Bikari kapita, kauliza kwa sauti kama kifaranga changu kimeshaanza kulia. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Sawa. Kutangulia si kufika.

Jumatano, 6 Machi

Wazo! Binti kesho anafundisha mvukizo: namna maji yanavyotoka kwenye nguo iliyolowa na kwenda hewani. Basi leo nimewafundisha wanafunzi wake mimi kwanza, yeye akiwa darasa jingine. Majibu yote wanayo. Hata kucheka nimewazoeza, maana mzaha wake nimeuona kwenye andalio lake la somo. Maji yalikuwa yamekatika, nikatumia leso yangu, kavu. Watoto wameiva! Mama watoto kasema ningemwacha binti wa watu afundishe mwenyewe. Yeye hajawahi kuwania umakamu.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Mkuu kakaa nyuma, mimi kando yake, jasho tele. Binti katundika kitambaa kimelowa chapachapa. Hajafungua kinywa, darasa zima likaimba: "Kimekauka, mwalimu! Maji yamekwenda hewani!" Na matone yanadondoka sakafuni, to, to, to. Kisha wakacheka kwa pamoja. Mzaha wenyewe haujatolewa!

Binti akaduwaa. Nikaviona virago vyake, na kiti changu kimefungwa humohumo.

Ndipo akamwita msichana wa dawati la mbele akiguse kitambaa. Msichana akasema kwa aibu kwamba kimelowa. "Sasa tumwamini nani," binti akauliza, "mkono wako au jibu lako?"

Hapo somo likaanza. Vitambaa vitatu: kimoja dirishani, kimoja kimekunjwa, kimoja kinapepewa kwa madaftari. Watoto wakabishana kipi kitatangulia kukauka, hadi wale wa nyuma ambao kwangu hawaamki. Nami nikakisia kimoyomoyo. Nikakosea. Mwishoni Mkuu akauliza nani aliwafundisha kujibu kabla ya kuulizwa. Wakanigeukia wote kama alizeti.

Ijumaa, 8 Machi

Binti kathibitishwa. Wageni wote wawili sasa wako chini ya Bikari, na habari za kiti cha makamu siziulizi. Mimi nimepewa agizo: kila Jumanne nikae darasani kwa binti nijifunze, na Mkuu atapita kuona kama kweli najifunza. Bikari kasema nisisahau kalamu. Binti kanikaribisha kwa upole, kasema, "Mwalimu wangu, kwangu kukosea ni ruhusa."

Nikionekana sijifunzi, je? Kazi yenyewe itaponyoka! Lakini nimeshajipanga. Andalio la somo la Jumanne nimelinakili, majibu nayajua. Mtoto wa kunikosoa nimemchagua na maneno yake nimempa. Jioni hii niko mbele ya kioo, nauzoeza uso kushangaa. Unyusi wa kushoto bado unasita. Hadi Jumanne utakuwa umeelewa.